Dhamana ya Msimamizi Zinapopotea Mali za Watu
(Muhadhara uliotolewa msikitini Myamba, Same, baada ya swala ya Alasiri)

  



Tumeombwa tuzungumzie suala ambalo limeulizwa zaidi ya mara moja katika darsa zetu. Mtu ameweka fedha zake katika kampuni au benki, fedha zimepotea, na serikalini kuna mamlaka iliyopewa kazi ya kuisimamia kampuni au benki hiyo. Je, anaweza kuishitaki mamlaka hiyo kwa uzembe? Na dini yake inamruhusu? Suala hili lina sehemu ya sheria za nchi na sehemu ya fiqhi. Wengi huzichanganya, na kwa hiyo hupata jibu la haraka lisilo na faida.

Wala hatuzungumzi habari ya mbali. Mlima huu wetu unalima tangawizi. Msimu ukiwa mzuri, mkulima anashuka na fedha ambazo hana desturi ya kukaa nazo, na mtu wa kumwelekeza pa kuzizalisha hakosekani. Mwaka 2025 vijana waliitwa katika mpango wa simu uitwao LBL, wakaambiwa watalipwa kwa kutazama matangazo baada ya kutoa kiingilio. Polisi walipoanza kukamata watu mikoani na Benki Kuu kusema kwamba mpango huo hauna leseni, kiingilio kilikuwa kimekwisha kwenda.

Kabla ya hapo ilikuwa DECI. Wenye umri wanaikumbuka. Ilisajiliwa kama kampuni, ikawa na ofisi, makarani na vitabu vya risiti, na kazi yake ilikuwa "kupanda mbegu" na "kuvuna". Walioianzisha walikuwa wachungaji, lakini tusijifiche nyuma ya jambo hilo, kwani Waislamu nao walipanga foleni. Hapakuwa na biashara wala shamba, maana mavuno ya aliyetangulia yalikuwa ni mbegu ya aliyefuata. Mwaka 2009 serikali iliisimamisha, akaunti zikazuiwa, na mwaka 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu ikawatia hatiani baadhi ya wakurugenzi wake kwa kuendesha upatu na kupokea amana za umma bila leseni. Upatu wa namna hiyo ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu.

Swali walilokuwa wakiuliza watu mwaka ule lilikuwa la haki kabisa. Kampuni hii haikufichwa porini. Ilikuwa Dar es Salaam na mikoani, mchana kweupe, na foleni zake zilionekana barabarani. Wasimamizi walikuwa wapi? Kenya nako, kikosi maalumu kilichotoa taarifa yake mwaka 2009 kilikuta kwamba watu zaidi ya 148,000 walikuwa wamepoteza zaidi ya shilingi za Kenya bilioni 8 katika mipango ya aina hiyohiyo. Idadi kama hiyo haipatikani kwa siku moja, na waliokuwa na wajibu wa kutazama walikuwa na muda wa kutosha wa kuona.

Sasa tuangalie mahakama zimesema nini. Mahakama zetu zimerithi mengi kutoka Uingereza, na hukumu za huko, ingawa hazitufungi, husomwa na mawakili wetu na kutumika kama hoja. Kesi inayotajwa zaidi ilitoka Hong Kong. Kampuni ya kupokea amana ilikuwa imesajiliwa na Kamishna wa serikali, ikafilisika, na wenye amana wakamshitaki Mwanasheria Mkuu wakidai kwamba Kamishna alijua au alipaswa kujua kwamba kampuni ile inaendeshwa kwa ulaghai. Mwaka 1987 Baraza la Faragha mjini London liliwakatalia. Halikusema kwamba Kamishna alifanya vizuri. Lilisema kwamba hakuwa na wajibu wa uangalifu kwa kila mwenye amana mmoja mmoja. Hakuwa anaiendesha kampuni siku kwa siku, hakuwafahamu wawekaji, na kazi yake ilikuwa ni ya kupima maslahi ya umma wote. Wajibu usipokuwepo, uzembe nao hauhesabiki, hata kama hasara inaonekana kwa macho.

Kesi ya pili ina funzo kubwa zaidi, na inatugusa kwa kuwa benki yenyewe ilianzishwa na Mwislamu kutoka Pakistani, Agha Hasan Abedi, na wenye hisa wakubwa walikuwa Abu Dhabi. Hiyo ni BCCI, iliyofungwa tarehe 5 Julai 1991 baada ya ulaghai mkubwa kugunduliwa. Mwaka 1993 wafilisi na maelfu ya wenye amana waliishitaki Benki Kuu ya Uingereza. Sheria ya mabenki ya huko ilikuwa inamkinga msimamizi na madai ya uzembe, isipokuwa kama alitenda kwa nia mbaya. Ikawabidi wadai wathibitishe jambo zito kuliko uzembe, nalo ni kwamba maofisa walitumia vibaya madaraka yao huku wakijua. Walibishana miaka kadhaa kama kesi isikilizwe au isisikilizwe, mpaka kwa majaji wa juu kabisa. Ilipoanza kusikilizwa mwaka 2004, hotuba za ufunguzi peke yake zilichukua miezi. Novemba 2005 wadai wakaiacha kesi bila kupata hata senti kutoka kwa Benki Kuu. Sehemu kubwa ya walichokipata wenye amana ilitokana na wafilisi kukusanya mali za benki na kuwabana wenye hisa.

Tunaieleza kwa urefu kwa sababu kuna watu wanaopita wakichangisha fedha za wakili na kuahidi kwamba "serikali italipa". Mwenye kuahidi hivyo amuonyeshe mchangaji kesi iliyoshinda.

Jirani zetu wa Kenya wana mfano wa karibu zaidi. Imperial Bank iliwekwa chini ya usimamizi Oktoba 2015, baada ya mkurugenzi wake mkuu kufariki dunia na kugundulika kwamba mabilioni yalikuwa yakitolewa kwa siri kwa miaka mingi. Mwaka huohuo benki ilikuwa imeuza hatifungani kwa umma kwa idhini ya mamlaka ya masoko ya mitaji. Wenye hisa wakadai mahakamani kwamba Benki Kuu ilikagua miaka yote hiyo bila kuona, na Benki Kuu nayo ikawageukia wenye hisa na kuwadai wao. Benki hiyo ilifutiwa leseni na kuingizwa katika ufilisi Desemba 2021. Mwenye amana mdogo hakuwa katika upande wowote kati ya hizo mbili. Alikuwa anangoja.

Hapa kwetu, Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifunga benki tano kwa pamoja kwa upungufu wa mtaji, na mmojawapo ni ya jirani zetu wa Meru. Wenye amana walikuwa na haki ya kulipwa na Bodi ya Bima ya Amana, lakini kiwango cha juu wakati ule kilikuwa shilingi milioni 1.5. Mwaka 2023 kiwango hicho kilipandishwa hadi milioni 7.5. Aliyekuwa na zaidi ya hapo alibaki kusubiri ufilisi. Na bima hiyo inamhusu mwenye amana katika benki yenye leseni. Aliyepanda mbegu hayumo.

Tuje kwenye fiqhi.

Ulamaa wamegawa mkono unaoshika mali ya mtu katika sehemu mbili, mkono wa amana na mkono wa dhamana. Mwenye mkono wa dhamana, kama mnyang'anyi, hulipa kwa hali yoyote ile. Mwenye mkono wa amana hulipi mpaka avuke mipaka, nayo ni taaddi, au apuuze alilopaswa kulifanya, nayo ni tafriti. Hapo mtaona tofauti ya kwanza. Sheria waliyoturithisha Waingereza inaanza kwa kuuliza kama msimamizi alikuwa na wajibu kwako wewe binafsi. Sharia inaanza kwa kusema kwamba kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga, na hadithi hiyo ya Ibn Umar (r.a.) iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim inaanza na kiongozi kabla ya kumtaja mwingine yeyote. Wajibu upo tangu mwanzo. Kinachobaki ni kuangalia kama ameupuuza.

Wala usimamizi wa masoko si jambo geni katika Uislamu. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akaingiza mkono wake katika fungu la chakula, akakuta unyevu ndani, akamkemea muuzaji kwa kuficha (ameipokea Muslim). Mnaona kwamba hakungoja mnunuzi aje kulalamika. Kutokana na mwendo huo, Ulamaa kama Al-Mawardi na Ibn Taymiyya waliandika juu ya hisba na kazi za muhtasibu, ambaye hukagua mizani, vipimo na ulaghai wa mikataba. Benki Kuu inapokagua vitabu vya benki, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana inapopitia waraka wa mauzo ya hisa, zinafanya kazi ambayo babu zetu katika elimu waliifahamu.

Lakini haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Ulamaa wana kanuni kwamba wakikutana mtendaji na msababishi katika hasara moja, hukumu inaelekezwa kwa mtendaji. Majalla ya dola ya Uthmaniya, iliyokamilika mwaka 1876, imeiweka katika kifungu cha 90, kwa mfano wa mtu aliyechimba kisima njiani na mwingine akamtumbukiza mnyama wa mtu ndani yake. Anayelipa ni aliyetumbukiza. Sisi watu wa Upare tunaweza kuielewa kwa ndiva zetu. Mwizi akikata ukuta wa ndiva usiku, maji yakabeba mashamba ya watu, wa kwanza kudaiwa ni mwizi, hata kama mlinzi alisinzia. Mlinzi hatoki salama, maana ataulizwa kwa nini alilala, na akithibitika amezoea kulala atadaiwa sehemu yake. Ila hatuwezi kumwacha mwizi tukaenda kwa mlinzi kwa sababu tu mlinzi ana ng'ombe wengi. Na hivyo ndivyo inavyofanyika katika kesi nyingi hizi, kwamba mlaghai hana kitu tena, kwa hiyo watu wanamtafuta mwenye mfuko.

Je, mfuko huo unaweza kudaiwa? Tunaona kwamba ndiyo, pale ambapo tafriti imethibitika, na dalili yetu ni kisa cha Bani Jadhima. Mtume (s.a.w.) alimtuma Khalid bin Walid (r.a.), na kukatokea kuuawa watu waliokuwa wamesilimu lakini hawakuweza kulitamka vizuri. Bukhari amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alijitenga mbele ya Allah (s.w.) na alichokifanya Khalid. Wanahistoria wa Sira wanaeleza kwamba alimtuma Ali (r.a.) na mali, akalipa damu na kila kilichoharibika, hata chombo cha kunyweshea mbwa, kisha akawaongezea iliyobaki. Hakuwaambia waliofiwa kwamba Khalid alikuwa kazini na kazi ina makosa yake. Wala hakuwaambia wakamdai Khalid mwenyewe. Kutokana na kisa kama hiki wengi katika Ulamaa wamesema kwamba kosa la mtumishi katika kazi ya umma hulipwa na Baitul-Mali.

Kwa hiyo rai yetu ni kwamba kinga anayopewa msimamizi na sheria za mabenki, ikiwa maana yake ni kwamba ofisa mwaminifu asifilisiwe yeye na watoto wake kwa kosa la kazini, hiyo ni kinga yenye busara. Ikiwa maana yake ni kwamba aliyedhulumika hana mlango wowote wa kubisha, basi hiyo ni dhulma iliyovaa nguo za sheria, na wabunge wetu, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, wanapaswa kuambiwa hivyo.

Tena watu hawako sawa mbele ya dai hili. Aliyeweka fedha katika taasisi yenye leseni, akategemea kwamba leseni ina maana, ana hoja nzito. Aliyeambiwa na Benki Kuu waziwazi kwamba kampuni fulani haina leseni, akaendelea kwa sababu jirani yake amekwisha kuvuna, huyu hoja yake ni nyepesi. Amejitumbukiza mwenyewe kisimani. Na zaidi ya hapo ameingia katika muamala ambao haukuwa biashara, bali fedha kwa fedha zaidi pamoja na kubahatisha, na hukumu ya riba na kamari haibadiliki kwa kuitwa mbegu.

Kuna ndugu wamesema kwamba Mwislamu haruhusiwi kupeleka dai katika mahakama hizi kwa kuwa hazihukumu kwa Sharia. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao katika hili. Kabla ya utume, Mtume (s.a.w.) alihudhuria Hilful-Fudhul katika nyumba ya Ibn Judaan. Sababu ya mkataba ule ilikuwa mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen aliyeuza bidhaa yake Makka, akanyimwa fedha yake na mkubwa mmoja wa mji. Watu wa Jahiliya waliapa kumrudishia aliyedhulumiwa haki yake, na Mtume (s.a.w.) alikuja kusema baadaye kwamba angeitwa katika mfano wake ndani ya Uislamu angeitika. Kutafuta haki yako iliyo yako, kwa njia iliyopo, hakuna uhusiano na kuridhia hukumu inayopingana na Allah (s.w.). Wala kuishitaki mamlaka ya serikali kwa utaratibu hakuhesabiki kuwa ni kuasi viongozi.

Sharti ni kwamba udai kilicho chako. Suratul-Baqara (2:279) imempa aliyetubia riba rasilimali yake tu, asidhulumu wala asidhulumiwe. Aliyetoa laki tano na kuahidiwa milioni moja na nusu, hasara yake ni laki tano. Milioni moja nyingine haikuwahi kuwepo, na haifai aiandike katika hati ya madai.

Na hapa tuna neno ambalo halitawapendeza baadhi ya waliokaa mbele yetu. Katika upatu wapo waliovuna. Walichokivuna zaidi ya walichopanda kilikuwa mali ya ndugu zao waliokuja nyuma. Tunawasikia watu wakiilaumu serikali kwa kulala, na wengine wao paa za nyumba zao zimetokana na mavuno hayo. Toba ya mali haikamiliki mpaka mali irejee kwa mwenyewe. Anayemjua aliyemwingiza, aanze na huyo, amtafute amrudishie. Asiyewajua wenye mali, rai tunayoielekea ni kuitoa katika maslahi ya watu kwa niaba ya wenyewe, bila ya yeye kutarajia thawabu za sadaka. Hili halihitaji mahakama wala wakili, na linaweza kuanza leo baada ya Magharibi.

Tukirudi kwa mwenye dai la haki, kuna mambo ya utaratibu ambayo watu wetu huyapoteza kwa kutojua. Dai la uzembe lina ukomo wa miaka mitatu tangu haki ya kudai ilipozaliwa. Aliyepoteza mwaka 2009 mlango huo umekwisha kumfungia. Aliyepoteza mwaka 2025 muda wake unakwenda huku tunazungumza. Serikali haishitakiwi ghafla. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali inataka notisi ya siku 90, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu. Tangu marekebisho ya mwaka 2020 utaratibu huo umeyafikia na mashirika ya umma, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe katika kesi. Wenye dai moja wanaweza kuomba ruhusa ya mahakama ili wachache wawawakilishe wote, na hapo gharama hupungua. Kama tunaweza kufanya msaragambo wa kuchimba barabara na mifereji, hatuoni kwa nini tusifanye msaragambo wa kumlipa wakili mmoja mwaminifu.

Kabla ya yote hayo, ripoti ipelekwe polisi, na mlaghai mwenyewe ashitakiwe kwanza. Ujumbe wa simu wa kutuma fedha usifutwe, kwani ni ushahidi unaokubalika mahakamani. Wale wa vikoba na vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitaka vijisajili, waende halmashauri Same wakaulize kama kikundi chao kimo katika daftari. Wa saccos wao waulize kwa ofisa ushirika.

Wenye risiti na ujumbe wa simu wa mwaka 2025 walete nakala kwa imamu baada ya swala ya Ijumaa ijayo, ziandikwe majina, tarehe na kiasi alichotoa kila mmoja. Waliovuna nao wana daftari lao, liko kwa imamu huyohuyo, na majina yake hayatasomwa mbele ya watu.